Barua kutoka Girona: aende polepole, tena ale

Girona, Hispania

Baba na Mama, shikamooni.

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mimi huku sijambo, naendelea na kazi yangu kwenye timu ya baiskeli. Ama baada ya salamu, nimezipata zile rekodi za mazoezi za wiki sita ambazo mdogo wangu alinitumia kwenye simu, pamoja na swali lako Mama: haya maisha ya mwendesha baiskeli wa kulipwa yakoje hasa, na je, mtoto huyu anafaa? Nawajibu wote kwa barua moja, maana nusu ya jibu iko barabarani na nusu iko jikoni. Mdogo wangu, wasomee kwa sauti, na usiruke mahali panapokugusa.

Naanza na hilo la kufaa. Ana kilo 62 na kizingiti cha wati 290. Kizingiti ni ile nguvu ambayo mtu anaweza kuishikilia karibu saa nzima kabla miguu haijakataa. Ukigawa, inakuja karibu wati 4.7 kwa kila kilo ya mwili. Wapanda milima wa timu kubwa hapa wanakaribia 6. Pengo lipo, lakini kwa kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kuwa na kocha si pengo la kukata tamaa. Kinachonitia hofu ni kitu kingine: katika wiki zote sita hakuna hata siku moja aliyoendesha polepole, na hakuna hata siku moja aliyokula chakula kinachotosha kazi aliyoifanya. Haya mawili ndiyo yanayowamaliza vijana wenye vipaji kutoka kwetu kabla hawajafika popote, na yote mawili yanarekebishika hapo hapo nyumbani bila kununua kitu.

Mdogo wangu, tazama namba zako. Kila siku, iwe umeenda Kisongo au umepanda Ngaramtoni hapo Arusha, wastani wako ni wati 235 hadi 250. Huo mwendo unakupa raha kwa sababu unatoka jasho na unarudi umechoka, unajiona umefanya kazi. Lakini ni mzito mno kwa miguu kupona kesho yake, na ni mwepesi mno kuinua kizingiti chako. Ndiyo maana umekaa kwenye 290 tangu mwaka jana.

Siku ya polepole kwako ni kati ya wati 160 na 215, yaani asilimia 56 hadi 75 ya kizingiti. Kipimo kisichohitaji kifaa ni hiki: uweze kumsimulia mwenzako mechi nzima ya Simba na Yanga bila kukata pumzi. Kwa mwendo huo misuli inajifunza kuchoma mafuta, mishipa midogo ya damu inaongezeka, na moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Haya hujengeka kwa saa nyingi, si kwa maumivu. Hapa Girona waendeshaji wanaolipwa hukaa kwenye baiskeli saa 20 hadi 30 kwa wiki wakati wa maandalizi, na karibu saa nne katika kila tano ni za mwendo huo wa kuzungumza. Ukiwapita barabarani siku hiyo utadhani ni watalii. Mlimani hata wewe ungewaacha, nao wangekutazama tu ukienda.

Kuna namna ya kujua kama siku ya polepole ilikuwa polepole kweli. Linganisha mapigo ya moyo ya saa ya kwanza na ya saa ya mwisho kwa wati zilezile. Yakipanda zaidi ya asilimia 5, basi ama uliendesha kwa nguvu mno, ama hukunywa, ama hukula. Kwako mara nyingi yamepanda kwa zaidi ya asilimia 10.

Siku ngumu ziwe mbili tu kwa wiki, zisifuatane. Ya kwanza, Jumanne, ni ya nguvu za miguu: tafuta mwinuko wa wastani, kile kipande baada ya Ngaramtoni kinafaa, weka giya nzito kiasi kwamba pedali zizunguke mara 50 hadi 55 kwa dakika, kaa kwenye siti, wati 250, dakika nane, mara nne, ukipumzika dakika nne katikati. Mgongo utulie, kazi ifanywe na nyonga. Goti likiuma kwa mbele, acha siku hiyo na ukague urefu wa siti kabla ya kurudia.

Ya pili, Ijumaa, ni ya mapafu: sekunde 30 kwa wati 350, sekunde 15 polepole, urudie mara 13 bila kusimama. Hiyo ni seti moja, karibu dakika kumi. Pumzika dakika tatu, rudia. Anza na seti mbili, baada ya wiki tatu ziwe tatu. Kosa la kila anayeanza ni kuzipiga zile za mwanzo kwa wati 420 kwa sababu zinaonekana rahisi, akifika ya tisa amekwisha. Zoezi hili lina faida pale tu pigo la 13 linapolingana na la kwanza. Na kama kwenye seti ya kwanza namba ziko chini kwa asilimia 10 kuliko kawaida yako, geuza baiskeli urudi nyumbani. Mwili umeshakuambia haujapona, na ukiulazimisha utapoteza wiki nzima.

Jumamosi ni safari ndefu, saa nne hadi tano, polepole. Jumatatu ni mapumziko kamili. Siku zilizobaki saa mbili au tatu za mwendo wa kuzungumza. Kila wiki ya nne punguza saa kwa theluthi moja.

Sasa nageukia jikoni, na hapa Mama ndiye kocha.

Mdogo wangu ameandika kwamba Jumamosi iliyopita aliendesha saa tano akiwa na chupa moja ya maji na maandazi mawili. Tupige hesabu. Wati 190 kwa saa tano ni kilojuli 3,400 za kazi iliyofika kwenye pedali. Kwa kuwa karibu robo tatu ya nishati ya mwili inapotea kama joto, kilojuli za pedali zinalingana kwa ukaribu na kilokalori alizochoma. Ongeza na zile ambazo mwili unatumia kwa kuishi tu, siku hiyo alihitaji zaidi ya 5,000. Maandazi mawili hayafiki popote. Mwili ukikosa wanga hauangalii tu. Unapunguza homoni, unakopa kwenye mifupa, unalegeza kinga. Dalili zake ni usingizi wa kukatika, mafua yasiyoisha, hasira za bure, kuhisi baridi, na kwa wasichana hedhi kukoma. Baiskeli haiugongi mfupa dhidi ya ardhi na kuuimarisha kama kukimbia kunavyofanya, kwa hiyo mifupa ya mwendeshaji tayari ina udhaifu wake. Ukiongeza njaa, anguko dogo linavunja.

Asubuhi ya safari ndefu, saa tatu kabla, apate wanga gramu mbili kwa kila kilo, yaani kama gramu 125. Uji wa gramu 80 za unga, sukari vijiko vikubwa viwili, na ndizi mbivu mbili, zinatosha. Maharage, nyama ya mafuta na chapati ziwe za usiku. Asubuhi zinakaa tumboni na kumpa gesi njiani.

Barabarani aanze na gramu 60 za wanga kila saa, aongeze gramu 10 kila wiki mpaka afike 90. Hapa wapo wanaokula hadi 120 kwenye mashindano, lakini tumbo lao limefundishwa kwa miezi. Utumbo unapokea glukosi, ambayo ni aina moja ya sukari, kwa mlango mmoja, na mlango huo unajaa karibu gramu 60 kwa saa. Fruktosi, sukari ya matunda, ina mlango wake mwingine. Sukari yetu nyeupe ni nusu kwa nusu ya hizo mbili, kwa hiyo si duni kama watu wanavyodhani. Kinywaji chenyewe: maji nusu lita, sukari vijiko vikubwa vitano vya kusawazishwa, chumvi robo kijiko cha chai, ndimu nusu. Hizo ni gramu 60. Chupa moja kwa saa, na ndizi moja juu yake inaongeza kama 25. Kwa kuwa hawezi kubeba chupa tano, apime sukari na chumvi kavu, azifunge kwenye vifuko vidogo, anunue maji ya chupa yaliyofungwa njiani na kuchanganya hapo hapo. Aanze kunywa dakika ya 20 na kila dakika 20 saa impigie kengele. Anayengoja njaa kwenye baiskeli amechelewa, kwani damu imehamia miguuni, haiko tena tumboni.

Mama, na sasa kile ulichouliza, tunawafungia waendeshaji wa timu chakula gani mfukoni. Hii ndiyo kazi yangu ya kila alfajiri ya mashindano. Chukua mchele nusu kilo, ule unaonata ukipikwa. Kwetu chukua mchele mpya, wa zamani unachambuka. Upike kwa maji mengi kuliko ya wali wa kawaida, mpaka uwe laini kama unataka kuutengenezea bokoboko, pasipo mafuta. Ungali moto, tia sukari vijiko vikubwa vitano, chumvi kijiko kimoja cha chai, na tui zito kidogo sana au maganda ya ndimu yaliyokwanguliwa kwa ladha. Umimine kwenye sinia lenye kingo, ukandamize kwa mgongo wa kijiko kilicholoweshwa maji mpaka uwe na unene wa vidole viwili. Uache upoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha mahali pa baridi, ndipo ukate vipande 16. Kila kipande kina karibu gramu 28 za wanga. Ukikata ungali na joto, utapata vipande vinavyovunjika mfukoni. Funga kila kimoja kwenye karatasi ya foili kama unavyofunga zawadi, lakini pembe moja iache wazi ijitokeze kama sikio, kwa sababu mwendeshaji anaifungua kwa mkono mmoja na meno, huku mkono mwingine umeshika usukani kwa kilomita 45 kwa saa. Foili isiyo na sikio inarudi jioni haijafunguliwa, na mwenye nayo ndiye aliyechoka mlimani. Kwa joto la Arusha vitumike siku hiyo hiyo. Wali unaolala nje unaharibu tumbo.

Akirudi, ndani ya nusu saa: maziwa nusu lita, yai moja, na sahani ya wali au viazi vitamu. Protini gramu 23 zimepatikana, wanga zaidi ya gramu 60. Baada ya hapo alale. Kulala ni sehemu ya kazi: usiku alale kwa muda wa saa tisa, na mchana tena akiweza. Najua jirani atamwona mvivu. Baba, naomba siku ya safari ndefu asitumwe shamba.

Kuhusu baiskeli nitasema machache. Anajaza tairi mpaka linakuwa jiwe. Kwa uzito wake na tairi za milimita 28, mbele psi 65 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) na nyuma 70 zinatosha. Tairi gumu linarukaruka kwenye lami mbovu, linapoteza mwendo na mshiko, na pancha za kubanwa na rimu huja tu ukishuka chini sana. Cheni ndiyo mali yake kubwa, na vumbi letu linaisaga. Aache kupaka oili mpya juu ya uchafu. Aioshe kwa mafuta ya taa mpaka yatoke meupe, aikaushe kabisa, kisha aitumbukize kwenye nta iliyoyeyushwa kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto, aizungushe mpaka viputo viishe, aitundike ikauke. Kila kilomita 300 arudie. Kipimo cha cheni kikionyesha 0.5, yaani imerefuka kwa nusu asilimia, abadilishe mara moja, maana cheni iliyorefuka inakula meno ya giya za nyuma, na giya ni ghali mara nyingi kuliko cheni. Urefu wa siti: apime kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, pale miguu inapokutana, akiwa amesimama peku, azidishe kwa 0.883, huo ndio umbali kutoka katikati ya mhimili unaobeba mikono ya pedali (si ule wa pedali yenyewe) hadi juu ya siti. Ni mahali pa kuanzia tu. Goti likiuma mbele, siti iko chini. Likiuma nyuma, iko juu. Asogeze milimita tatu kwa wiki, si zaidi.

Bukta ya baiskeli ivaliwe bila chupi ndani, ifuliwe kila siku na kukauka juani. Jipu la makalioni limewaondoa watu hata kwenye mashindano makubwa.

Na malori. Mdogo wangu, nimeona kwenye rekodi kipande cha kupanda ambapo wati zako ni 40 na mwendo ni kilomita 38. Najua maana yake. Usishike lori tena. Taa ya nyuma ya kumetameta iwake hata mchana, utoke alfajiri kukishapambazuka, uwe umerudi kabla barabara ya Namanga haijajaa.

Mapafu peke yake hayatoshi, na hili watu wa nyumbani hawalijui kwa sababu hatuna mashindano mengi ya kundi kubwa. Ndani ya kundi, anayejificha nyuma ya mwenzake anaokoa karibu theluthi ya nguvu, wakati mwingine zaidi, lakini lazima akae sentimita 30 kutoka gurudumu la mbele na asitetemeke. Kijana mwenye nguvu asiye na ujuzi huo hukaa mkiani. Mkiani, kila kona ni adhabu: wa mbele wanapita bila kufunga breki, wa nyuma wanafunga, kisha wanalazimika kuruka kwa wati 600 kuziba nafasi. Kona 40 za namna hiyo zinammaliza kabla mlima haujafika. Mtu akimwona anaachwa atasema hana nguvu. Nguvu anazo, amezimwaga konani.

Haya yanafundishwa kwa bei ya nyasi. Wachukue wenzako watatu mwende uwanja wa mpira, mwendeshe polepole kabisa mkigusana mabega na viwiko, mkigusisha gurudumu la mbele na la nyuma la mwenzako, mkiokota chupa chini bila kusimama. Kwenye mteremko: funga breki kabla ya kona na si ndani yake, mguu wa nje chini ukiubebesha uzito, macho yatazame unakotokea.

Watu wanasema sisi tuna bahati ya mwinuko. Arusha iko mita 1,400, na hiyo haitoshi kuongeza damu kwa namna wanayoitafuta. Timu hupanda milima ya Hispania, Teide, zaidi ya mita 2,100, au Sierra Nevada, kama 2,300, kwa wiki tatu, siku tano za kwanza polepole tu, na kabla ya kupanda hupima akiba ya chuma kwenye damu, kwa sababu bila chuma mwili hauna cha kutengenezea chembe nyekundu za damu. Hicho kipimo cha feritini afanye hata sasa.

Jambo moja la hospitali, Mama, tafadhali lizingatie. Kwetu mtu akiugua kidogo zahanati wanamtundikia dripu. Kwa mwanamichezo mwenye leseni, dripu ya zaidi ya mililita 100 katika saa 12 ni kosa la dawa za kusisimua misuli, hata kama ni maji na chumvi, isipokuwa imetolewa katika matibabu halali ya hospitali. Akilazwa, chukueni cheti chenye tarehe, sababu na kiasi, mkihifadhi. Vidonge vya mafua vya dukani na sindano za maumivu vilevile. Baadhi vina vitu vilivyokatazwa siku ya mashindano. Akifika kwenye timu kubwa atatakiwa kutaja kila siku dakika 60 na mahali atakapopatikana kwa kupimwa, na akikosekana mara tatu ndani ya miezi 12 anaweza kufungiwa kama aliyekutwa na dawa.

Kuhusu kuja huku: timu za daraja la juu kabisa ni 18, na hizo pamoja na za daraja la pili zina kima cha chini cha mshahara. Zile za daraja la tatu hazilazimishwi, na wapo vijana wanaoendesha bila kulipwa kitu, wakijilipia chumba. Visa ya kawaida ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, inatoa siku 90 tu katika kila 180, msimu ni mrefu kuliko hapo. Mtu akija hapo nyumbani akadai pesa ili ampatie nafasi kwenye timu, msimpe. Timu inatafuta namba na matokeo, na dirisha lililo karibu nasi ni Rwanda. Mashindano yao ya kila mwaka yanatazamwa na timu za Ulaya. Biniam Girmay wa Eritrea alipitia kituo cha shirikisho la baiskeli la dunia kilichoko Aigle, Uswisi, na mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France na jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi. Na Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia, kilomita 267.5 na mita 5,475 za kupanda kwa wanaume, wengi wa walioanza hawakumaliza. Barabara zile ni kama zetu.

Sasa ombi langu kwa wiki nne. Kila asubuhi, kabla hajainuka kitandani, ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima na kuyaandika kwenye daftari, pamoja na saa alizolala. Yakiwa juu ya kawaida yake kwa 7 au zaidi siku mbili mfululizo, hapandi baiskeli. Jumatatu, baada ya haja na kabla ya chai, Mama umpime uzito; akishuka chini ya 61, ongeza sahani ya usiku bila kumuuliza. Mnipigie picha ukurasa huo kila Jumapili jioni. Wiki ya tano, Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara ileile ya Ngaramtoni: apashe misuli joto dakika 30, kisha dakika 20 kwa nguvu zake zote, achukue wastani azidishe kwa 0.95, hicho ndicho kizingiti chake kipya. Kabla ya kuondoka asisahau kukirudisha kipima wati kwenye sifuri, kikiwa kimeshazoea baridi ya nje.

Nisalimieni Bibi na majirani wote.

Wenu,
Dada